Alichokiona Mwosha

Upanga
Jumatatu, 8 Juni

Mwanangu Sitara,

Marahaba. Nimeitikia mapema kwa sababu najua ungeanza na shikamoo.

Dereva wangu Beno amekuletea dawa za presha za Bibi pamoja na barua hii. Dawa mpe Bibi, barua soma peke yako. Ningepiga simu ya Bibi, lakini simu zangu siku hizi zina masikio mengi, na wewe kwenye simu huniambia "ndiyo Baba" na "hapana Baba" basi. Maneno yako yako kwenye karatasi. Tangu ulipokuwa ukinisukumia vikaratasi chini ya mlango wa chumba changu, nimelijua hilo.

Nina swali moja. Ijumaa iliyopita Bibi aliitwa kumwosha mke wa Mzee Nurdin, yule mama muuza vitenge wa Mtaa wa Sikukuu. Familia inasema alikufa kwa presha. Lakini alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka mpakani kuchukua mzigo, na huko mpakani kuna homa mbaya, ndiyo sababu nimepewa kuongoza Kamati ya Dharura. Wataalamu wangu walikwenda kuwauliza wafiwa. Walipewa chai na kuambiwa presha. Alizikwa siku ile ile kabla ya Alasiri. Waliouona mwili ni waosha tu.

Muulize Bibi aliona nini. Muulize kama mjukuu, si kama binti wa Waziri. Nijibu leo, Beno anasubiri chini.

Baba yako,
Abdulatif


Kariakoo
Jumatatu, 8 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Beno yuko hapa chini dukani kwa Dada Vicky anakunywa soda, kwa hiyo naandika haraka. Unisamehe mwandiko.

Nilimuuliza Bibi alipokuwa akipeta mchele. Nilianza mbali. Nikasema, "Bibi, mke wa Mzee Nurdin alikuwaje?" Akasema, "Alikuwa maiti." Nikacheka kwa woga, nikauliza tena. Akaweka ungo chini.

"Nani anauliza, wewe au baba'ko?"

Unajua kuwa siwezi kudanganya vizuri. Niliutazama ungo, naye akajua. Akasema, "Mwambie Abdulatif mwosha ana macho, hana mdomo. Nilichokiona pale ni amana ya marehemu. Nimeanza kuosha wanawake wa Kariakoo yeye hajaota meno. Siku nikisimulia miili ya watu, nani ataniita tena? Wataoshana wenyewe kwa kubahatisha."

Ningeweza kuishia hapo. Lakini, Baba, na mimi nilikuwemo chumbani.

Mama anayemsaidia kumwaga maji alikuwa amesafiri, Bibi akasema nimefikia umri wa kujifunza. Nilisimama upande wa miguu nikiwa na kata. Nilikuwa nataka kukuandikia habari hiyo kwa furaha, kwa sababu nilidhani nitaogopa na sikuogopa. Bibi alinifundisha kuanzia kulia, na kutotazama zaidi ya inavyohitajika. Mimi nilitazama. Pamba waliyomweka puani ilikuwa inalowa damu. Wakaibadilisha, ikalowa tena. Kwenye fizi vilevile. Macho hayakufumba vizuri na yalikuwa mekundu. Bibi akamwambia mwenzake, "Mfunike," wakaendelea kusoma dua.

Sasa nimeshasema. Bibi yuko jikoni anaimba kaswida, na mimi nimetoa amana ambayo si yangu. Niambie kwamba ilikuwa lazima.

Maji yalinirukia miguuni, lakini niliporudi nilioga.

Mwanao,
Sitara


Upanga
Jumanne, 9 Juni

Sitara,

Ilikuwa lazima.

Sasa fuata maneno yangu moja moja. Usile sahani moja na Bibi. Usilale chumba kimoja naye. Mgeni asiingie ndani, hata wa kuleta pole, hata jirani.

Leo baada ya Magharibi Beno atakuja kukuchukua. Kaa chini ya ngazi, uwe na begi dogo. Bibi akikuuliza, sema unakwenda kumsalimia Mama. Kuna daktari huku Upanga atakayekuangalia kimya kimya, na utakaa chumba cha uani mpaka tuwe na hakika.

Kabla ya Alfajiri Kariakoo itafungwa, kuanzia upande wenu mpaka Gerezani. Usimwambie mtu, hata huyo Vicky. Kariakoo inapokea wafanyabiashara wa nchi nzima na wa nchi za jirani. Wakijua leo, leo hii watapanda mabasi, na homa itashuka nao kila stendi.

Bibi atabaki. Hilo nimelifikiri, na nitalibeba mimi. Wewe usilibebe.

Ukishasoma, choma.

Baba


Kariakoo
Jumatano, 10 Juni

Baba,

Shikamoo.

Nilikaa kwenye ngazi ya chini na begi langu kama ulivyosema. Dada Vicky alikuwa anaingiza masufuria ndani ya fremu ya duka lake. Akanikuta.

"We Sitara, unahamia wapi? Umegombana na mke mwenzako?" Hivyo ndivyo anavyomwita Bibi akitutania.

Nikasema naenda Upanga.

"Haya, msalimie dingi. Mwambie mtaro wetu unanuka mpaka kwetu Rombo wanauliza ni nini. Au waziri akihamia Upanga pua nazo zinahamia?" Halafu akacheka, akanipa ndizi, akaniambia mzigo wake mkubwa wa vyombo unaingia kesho asubuhi na ameita vijana wa kushusha.

Mimi nilikuwa najua kitakachotokea asubuhi hiyo. Nilikula ndizi yake, sikusema kitu. Wewe huwa unafanya hivi kila siku? Siulizi kwa ubaya. Nataka kujua unawezaje kumeza.

Beno hakuja. Nilikaa mpaka Dada Vicky alipofunga fremu na taa ya ngazi ikazimwa. Nikapanda juu. Bibi alilitazama begi, hakuuliza. Alinisogezea bakuli la uji, nikakumbuka agizo lako la sahani, nikasema nimeshiba. Hapo ndipo alipoumia, si kwa begi.

Asubuhi mtaa ulikuwa umezungushwa utepe na askari wamesimama kila kona. Mimi na Bibi tumekatazwa hata kushuka chini. Mtu mwenye mavazi meupe alisimama mlangoni, akasoma majina yetu mawili kwenye simu yake, jina langu na la Bibi, akasema tusitoke. Nani aliyempa jina langu?

Barua hii naishusha kwa kikapu cha Bibi cha kupandishia mboga. Karatasi haziruhusiwi kuvuka utepe. Askari ataipulizia dawa na kuinyoosha juu, Beno ataipiga picha akiwa ng'ambo, kisha wanaichoma. Kwa hiyo unanisoma kwenye simu. Za kwako zinakuja kama kawaida, kwa sababu kuingia kunaruhusiwa.

Kwa nini hukumtuma?

Sitara


Upanga
Alhamisi, 11 Juni

Mwanangu,

Nilimtuma. Alikuwa amefika Posta nilipompigia ageuze.

Nakueleza kilichotokea kwa sababu umeniuliza sawasawa. Kikaoni kuna daktari kijana, Anaeli, mtu wa Moshi. Nilisema mwili ule ulioshwa na wanawake wawili, nikamtaja mama yangu kwa jina. Watu wakainamisha vichwa kwa heshima, nikadhani yameisha. Anaeli akasema, "Mheshimiwa, samahani. Nani alikuwa anamwaga maji?" Kwao hawaoshi kwa namna yetu, lakini alikuwa amekwenda kuuliza kwa watu wanaojua.

Nililifikiria begi lako pale kwenye ngazi. Nikamfikiria mdogo wako Adamu, anavyokurukia shingoni ukifika. Halafu nikataja jina lako. Baada ya hapo nisingeweza kukutoa bila kila mtu mezani kujua.

Usifikiri ni woga wa kikao tu. Nikikutoa wewe, mwenye gari atamtoa wa kwake, mwenye cheo atamtoa wa kwake, na utepe utabaki kuwazunguka wasio na mtu. Hao nao watauvuka usiku. Nchi haitafungwa tena na mtu yeyote baada ya hapo.

Mama yako hasemi nami. Ananiwekea chakula na kuondoka.

Tangazo mmelisikia: mwenye homa ndani atundike kitambaa chekundu kwenye balkoni au dirishani, timu ije imchukue kumpeleka mahemani, kwenye hospitali ya muda, akatibiwe. Wanaowahi wanapona, Sitara, si wote, lakini wengi. Wa nyumba ya Nurdin tumewachukua wenyewe kwa nguvu. Wengine tunawasubiri watundike. Mpaka jioni hii hakuna kitambaa hata kimoja katika mitaa yote. Ukisikiliza Kariakoo, hakuna mgonjwa. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Pima joto lako na la Bibi. Kipimajoto kimo ndani ya mfuko wa dawa.

Baba


Kariakoo
Jumatatu, 15 Juni

Baba,

Shikamoo. Sikuandika siku hizi kwa sababu nilikuwa nimekasirika, na nikikasirika naandika vibaya.

Bibi alijua kuwa nilikuambia. Aliniambia jana, tukiwa kila mtu upande wake wa sebule kama wageni. "Nilijua tangu siku ile ulipokuwa unaandika. Mtu anayeandika salamu haumi midomo." Nikaomba radhi. Akasema, "Radhi unayo. Lakini mimi nisingesema." Nikamuuliza, hata kama angejua watu watakufa? Akasema, "Ningesema wasiniguse mimi. Yule ningemstiri." Sijui kama hilo ni jibu.

Sasa nikueleze habari ya vitambaa, maana nyinyi huko hamjui. Dada Vicky anaishi nyuma ya fremu yake, na jioni tunazungumza, yeye akiwa uani na mimi nikiwa juu dirishani. Nilimuuliza kwa nini watu hawatundiki, na usiku tunasikia mtu anakohoa jengo la pili.

"Unaniuliza mimi?" akasema. "Jiulize wewe uliyeko kwenye balkoni ya mama wa Waziri. Watu wanaitazama hiyo kutwa nzima, mdogo wangu. Wanasema, bibi yule ameshika maiti kwa mikono yake, na balkoni yake nyeupe pe! Basi ama homa ni uongo wa kutufilisi, ama wakubwa wana dawa yao. Wa kwanza kutundika awe nani, muuza sufuria?"

Nikasema hatuna dawa yoyote.

"Nakuamini. Wao hawakuamini. Halafu kuna lile lingine. Binti wa Nurdin amefia mahemani, unajua alizikwaje? Kwenye mfuko wa plastiki, na zipu. Hakuoshwa. Mimi Mkristo na mwili umenisisimka, sembuse wenyewe."

Sikujua kuwa Bibi amesimama nyuma yangu. Alirudi chumbani.

Amri ya kutowaosha ni yako? Naamini ina sababu. Lakini ungewaeleza. Watu hawaogopi homa kama wanavyoogopa ile zipu.

Joto langu ni la kawaida. Bibi hakula jana usiku, na leo hakugusa chai. Anasema amefunga, ni Jumatatu. Kipimajoto amekikataa, anasema aliyefunga hawekwi kitu mdomoni. Nimemwambia kinawekwa kwapani. Amesema kesho.

Najaribu kuamini.

Sitara


Upanga
Jumanne, 16 Juni

Sitara,

Bibi hafungi Jumatatu. Aliacha siku alipoanza dawa za presha. Nilikuwa naye hospitali daktari alipomkataza, na alinuna njia nzima.

Kama ana homa, usitundike kitambaa. Nasema tena: usitundike.

Kesho baada ya Alasiri atakuja mtu mwenye mfuko wa fundi bomba, atapita mlango wa uani. Ni daktari. Ana dawa na drip, na atakuwa anakuja kila siku. Bibi atauguzwa kitandani kwake. Ikiwa Mungu ameandika lingine, basi litatokea ndani ya nyumba yake, na nitahakikisha anapata haki yake yote ya mwisho, pamoja na kuoshwa. Nimeshampata mwanamke aliye tayari.

Najua nilichokuandikia Alhamisi. Sikukosea. Mwenyekiti wa Kamati aliandika ukweli, na bado ni ukweli. Lakini leo asubuhi niliwekewa mezani fomu za maziko ya mahemani. Nilikuwa natia sahihi, na mkono ukasimama wenyewe. Nilioga kwenye beseni la mama huyu. Alinisomesha kwa mikono ile ile inayoosha watu. Siwezi kuisaini fomu yake.

Usinijibu kwa kikapu. Beno anajua, askari hajui.

Choma.

Baba yako


Kariakoo
Jumatano, 17 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo.

Sikuichoma barua yako. Nilimsomea Bibi, kwa sababu inamhusu na nimechoka kujua vitu ambavyo wenyewe hawavijui.

Ana homa kali. Tangu jana fizi zake zinatoa damu, anaficha kwa leso. Nilipomaliza kusoma alitabasamu. "Mwanangu amekua waziri na bado analia lia," akasema. Kisha akasema afadhali hivyo, huyo fundi bomba aje. "Usinitundike, mjukuu wangu. Nimewaosha mama zao wote hawa, leo mimi wanitie kwenye mfuko?"



Nilikwenda dirishani kumwita Dada Vicky, nilitaka tu kusikia utani wake. Hakuitika. Fremu yake haijafunguliwa tangu jana. Nikapiga sakafu kwa mchi wa kinu. Nikangoja. Kutoka chini kitu kiligonga mara moja, taratibu, kama kijiko. Halafu basi.

Nimefikiri hivi, Baba, na kama nimekosea utanisahihisha. Daktari wako atapita uani. Ili afike kwetu ataruka mlango wa Dada Vicky. Yeye atazisikia hatua zake zikipanda juu na zikishuka, kesho tena na kesho kutwa, naye ataendelea kuitazama balkoni yetu nyeupe na kutotundika. Na jengo la pili hivyo hivyo. Wewe ndiye uliyenieleza kitakachofuata. Nimesoma barua zako mbili zikiwa pamoja mapajani. Ile ya Alhamisi ndiyo ya kweli, na hii ya jana ndiyo niliyokuwa naingoja tangu ile jioni ya ngazi. Nimeililia sana. Nakushukuru kwa kuiandika.

Kitambaa chekundu hatukuwa nacho. Nimechukua fulana yangu nyekundu ya michezo ya shule. Bibi aliponiona naifungua alisema, "Sitara." Sauti ile alikuwa akiitumia nilipokuwa mdogo nikikaribia jiko. Nilitundika. Alipogeukia ukutani nilikuwa bado nafunga fundo.

Nilibaki pale nje kwa sababu niliona haya kurudi ndani. Mtaa ulikuwa kimya. Askari waliinua vichwa. Kisha ng'ambo, jengo la rangi ya samawati, mkono ulitoka ukaning'iniza taulo. Juu yake kanga. Pembeni mtu alitoa ndoo nyekundu akaifunga kwenye nondo, nadhani hakuwa na nguo ya rangi hiyo. Kisha kona ya pili, kisha upande wa Msimbazi, blauzi, pazia, mfuko wa shule. Madirisha ambayo nilidhani hayana watu. Nilitaka wafanye hivyo, lakini yalipoanza kuongezeka nikatamani yaache. Hayajaacha. Ninavyoandika bado yanatokea. Chini yangu, kwenye mlango wa fremu ya Dada Vicky, umetokea ukanda wa kitenge chekundu kwa chini, kama mtu ameusukuma akiwa amelala.

Huyo daktari mwenye mfuko wa fundi akija, aanze kwake.

Nimemwambia Bibi tutapanda gari moja. Hajageuka, lakini amenipa mkono. Kichwa kinaniuma tangu asubuhi na nimepima joto, nalo si la kawaida tena. Usimwambie Mama leo.

Naishusha barua kwa kikapu, na namwomba askari aisome kwanza kabla ya Beno, kwa sababu hakuna muda. Nimeona magari ya mahemani yamefika kwenye utepe. Nimeyatazama vizuri. Ni mawili tu, Baba. Tuma mengine.

Mwanao,
Sitara